Filamu ya Chiriku

Tarehe 9 Februari

Kwako Mama,

Shikamoo. Hunijui, na samahani kwa kukuingilia bila hodi. Mimi ni mwigizaji. Nimepata kazi kwenye filamu inayotengenezwa juu ya ile nyambizi iliyozama wakati wa mazoezi, ile aliyokuwamo mwanao. Mimi ndiye nitakayekuwa yeye. Anwani yako nimepewa na mpishi wa nyambizi, mmoja wa walionusurika, ambaye sasa anatuelekeza mambo ya mle ndani yalivyokuwa.

Ripoti ya wanamaji nimeisoma. Inasema vifaa vya kupumulia havikutosha, wengine wakatoka, wakabaki watatu, mwanao akiwemo. Basi. Haisemi mtu alikuwa anacheka vipi. Mpishi anasema walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Anaanza kuongea akifumbua macho, hanyamazi mpaka wamtupie soksi.

Ningependa kumjua kwa mtu anayemjua. Alitembeaje? Akikasirika alifanya nini? Kama maswali yangu yanakuumiza, ichane barua hii, nami sitakuwa na neno.

Nakuheshimu,
Mwigizaji


Tarehe 20 Februari

Kwako kijana mwigizaji,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kazini, mpaka mteja akagonga kioo kuniuliza kama nimelala au nimekufa. Mimi ni mkata tiketi kwenye jumba la sinema. Miaka yote hiyo sijawahi kukaa ndani nikaona filamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Chumba changu kimepakana na ukumbi, kwa hiyo zote nazisikia ukutani. Nyinyi waigizaji nawajua kwa sauti, kama mtu anavyowajua majirani wa chumba cha pili. Kama sikosei wewe ndiye uliyekuwa daktari mlevi katika ile ya hospitali. Ulilia vizuri.

Lakini mwanangu, umepotea nyumba. Mtoto wangu hakuwa chiriku. Ungekula naye chakula kizima usisikie kitu ila kijiko. Baba yake akiingia ndiyo kabisa, utadhani kiti hakina mtu. Huyo wa kutupiwa soksi atakuwa mtoto wa mama mwingine. Muulize vizuri huyo mpishi, labda naye maji yalimwingia kichwani.

Wasalaam,
Mama


Tarehe 3 Machi

Mama,

Nimemuuliza tena. Ana kovu kidevuni, alianguka na ndoo akiwa mdogo. Mkate hali kama watu, anauviringisha vitonge kwanza. Ni yeye.

Tena mpishi anasema mchezo uliowachekesha zaidi ni pale Chiriku alipokuwa anamwigiza mama mmoja mkata tiketi. Anakaa nyuma ya sufuria kama vile yuko dirishani, anamjibu mteja anayetaka kuingia sinema na kuku: "Kuku wako ana umri gani? Hii si filamu ya watoto." Wanalala chini kwa kucheka. Wote walidhani anatunga. Mimi baada ya barua yako nimejua hakuwa anatunga.

Na jambo jingine, Mama, maana naona una haki nalo. Siku ile hewa ilipoanza kuwa nzito, nahodha aliwaamuru wasiongee. Zamu ya mpishi kutoka ilipofika, mikono ilikuwa inamtetemeka hawezi kufunga kitu. Chiriku ndiye aliyemkaza mkanda. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukifika juu uwaambie nimenyamaza, hawataamini."

Hayo ndiyo ya mwisho anayoyajua mpishi.

Mwigizaji


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Kuku kweli alikuja. Mwenye kuku alikuwa mzee mmoja mkaidi, na mwanangu alikuwa amekaa chini ya kiti changu akichezea vishina vya tiketi. Hakucheka hata kidogo. Nilidhani hakusikia.

Nimelia, lakini si vibaya. Fikiria mtu umezaa, umelea, umezika bila jeneza, halafu unaambiwa alikuwa mchekeshaji. Alikwenda kuongea huko chini ya maji. Huku juu alikosa nini?

Umeniuliza alitembeaje. Kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita penye mgonjwa. Akikasirika masikio yanakuwa mekundu, mdomo kimya. Kulala, alilala mlango wazi, hata baridi iwe vipi. Aliweka tofali usije ukafungwa na upepo. Hata kuoga, mlango unabaki na mwanya. Usiniulize kwa nini, watoto wana mambo yao. Aliponiambia anakwenda kuwa mwanamaji wa nyambizi nilicheka sana. Wewe usiyeweza kuoga mlango umefungwa? Akasema, "Mama, kule tutakuwa wengi."

Baba yake anakusalimu. Alikuwa mwashi, sasa magoti yamemwisha. Alipokuwa na kijana hapa sikumsikia akimsifu hata siku moja. Sasa kinyozi anajua, muuza magazeti anajua, hata mgeni anayeuliza njia hataondoka bila kuambiwa kuhusu shujaa wa nyambizi. Filamu hiyo anaisubiri kama harusi. Koti lake la mazishi amelipeleka kwa dobi mapema yote hii.

Mcheze vizuri mtoto wangu.

Mama


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Barua yangu ya Machi uliipata? Au posta wameila? Najua mna kazi. Mzee ananiuliza kila siku, nami namwambia waigizaji ni watu wa shughuli.

Mama


Tarehe 11 Julai

Kijana wangu,

Bango limefika. Meneja amelibandika karibu kabisa na dirisha langu, kwa hiyo sasa uso wako unanitazama nikikata tiketi. Umekonda. Wamekunyoa kama yeye. Filamu itaanza mwisho wa mwezi.

Mzee alisimama mbele ya bango hadi watu wakaanza kumzunguka. Kisha akanigongea kioo: "Nitengee kiti cha katikati." Mtu ambaye hajawahi kuingia sinema, anachagua kiti!

Mbona kimya hivyo? Kama nilikosea neno, nisamehe, mimi si mtu wa kalamu.

Mama


Tarehe 19 Julai

Mama,

Usiende kuiona. Na Mzee usimruhusu. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliisoma hadi nikaijua kwa moyo, halafu nikampelekea mwongozaji wa filamu. Nilitaka amwone mwanao kama mtu, si jina kwenye ripoti. Alipofika kwenye mlango na tofali alinishika bega, akasema, "Hapa ndipo penyewe." Wiki ileile mwandishi akaandika upya. Walisema wote wakiwa mashujaa watazamaji watasinzia, lazima mmoja avunjike. Wakamchagua Chiriku.

Kwa hiyo kwenye filamu, Mama, anapigania kifaa cha kupumulia. Anampiga mpishi ngumi. Wenzake wanatoka, mlango wa chuma unafungwa, naye anaupigapiga na kupiga mayowe kama mtoto mdogo, mpaka fundi mmoja mzee aliyebaki naye anamvuta na kumkumbatia kwa nguvu. Anamshikilia hivyo mpaka taa zinazimika.

Mpishi aliondoka siku tulipopiga picha hizo. Hakuaga mtu. Mimi sikuondoka. Nilijiambia nisipofanya mimi atafanya mwingine, tena vibaya. Nimefanya vizuri, Mama. Huku imeshaonyeshwa, na magazeti yanasema hapo ndipo nilipokuwa bora kuliko siku zote. Ndiyo maana nilishindwa kukuandikia.

Mwigizaji


Tarehe 28 Julai

Kwako mwigizaji,

Nilikupa mtoto wangu umjue, ukaenda kumuuza.

Sina matusi, ningekuwa nayo ningekuandikia. Nilikuambia la mlango kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumtaja. Tangu afe hakuna anayeniuliza alilalaje. Ukauliza wewe, nikasema yote kama mlevi.

Filamu imeanza. Watu wamejaa mpaka barabarani, nami ndiye ninayewakatia. Wanaonijua wananunua bila kunitazama usoni. Jirani yetu mmoja alitoka, akanisogelea, akasema, "Pole, dada," kwa sauti ya mtu anayempa pole mama wa mwizi.

Sijaingia. Sina haja, ukuta unaniletea. Siku ya kwanza nilivumilia mitambo, maji, nahodha na amri zake. Halafu nikasikia hayo mayowe. Kijana, uliyatoa wapi? Mimi nayafahamu. Sitakuambia niliyasikia wapi.

Mzee nimemwambia tiketi zimekwisha. Kesho yake, zimekwisha. Leo amevaa koti, amekaa sebuleni kama bwana harusi aliyeachwa. "Mke wangu ndiye mkata tiketi na mimi nakosa tiketi?" Nikamwambia kazi ni kazi, hakuna upendeleo. Akaniunga mkono! Alisema hata yeye akijenga hakuruhusu ndugu aibe saruji.

Sijui nitamdanganya mpaka lini.

Mama


Tarehe 6 Agosti

Kwako mwigizaji,

Ameiona.

Alimtuma kinyozi amnunulie. Kinyozi kaja dirishani, kanunua mbili, sikushtuka. Kisha mchana, foleni imepinda hadi kona, naona mgongo wa koti lile ukiingia mlangoni. Nikaita. Kelele za watu, hakusikia. Nikitoka, nani atakata tiketi? Nikabaki nimekaa pale, nauza, narudisha chenji, huku sikio liko ukutani. Mayowe yalipofika nilifumba macho mbele ya mteja.

Filamu ikaisha, watu wakatoka wote. Yeye hakutoka. Mwenye tochi, yule mzee mwenzetu anayeonyesha watu viti, akaja kuniambia, "Bwana wako amekaa tu." Nikamfuata. Aliniambia neno moja: "Twende."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwamba wamemdhalilisha mwanawe, kwamba atavunja bango. Tulipofika alipita moja kwa moja hadi uani kwenye stoo, hata kofia hajavua. Akachukua patasi akaung'oa mlango wa stoo, bawaba hadi bawaba. Na magoti yale. Kisha akakaa juu yake palepale chini.

Akaniambia, "Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa analia. Wamejuaje?"

Sasa nikuambie lile la mlango nililokukataza kuniuliza. Nilikuambia mwanangu hakuwa chiriku. Alikuwa. Alipoanza kusema, alisema kama mvua. Na mume wangu alikuwa anarudi amechoka, kichwa kinamgonga, hataki kelele. Akimwambia nyamaza mara ya kwanza, ya pili, anamfungia stoo. Mimi niko sinema. Nikirudi ndiyo namfungulia. Tuligombana juu ya hilo mpaka siku moja hapakuwa na cha kugombania tena, maana mtoto alikuwa ameshanyamaza mwenyewe. Baba yake akafurahi, akasema amekuwa mtu mzima.

Mume wangu hajakasirika na wewe. Afadhali angekasirika.

Mama


Tarehe 14 Agosti

Bwana mwigizaji,

Salamu. Mimi ni baba wa marehemu. Kuandika barua sijui, najua kuandika vipimo. Utanivumilia.

Watu wananiambia niende mahakamani. Nimewaambia waniache.

Filamu yako naiangalia karibu kila siku. Mwenye tochi siku hizi ananipisha tu. Anapopiga kelele naziba masikio. Yule mzee akimshika nazibua. Baada ya hapo natoka, siwezi kuona taa zinazimwa.

Nina swali. Yule mzee akimshika, midomo yake inatembea. Anamwambia kitu sikioni. Nimekaa nyuma, nimekaa katikati, nimekaa mstari wa mbele mpaka shingo imekakamaa, sisikii. Mke wangu huko ukutani naye anasema hasikii. Mwenye mashine nimemwomba aongeze sauti, ameongeza, bado.

Anamwambia nini?

Usinitungie. Kama ni upuuzi, niandikie upuuzi huohuo.

Mwashi


Tarehe 21 Agosti

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakujibu kama ulivyotaka.

Kwanza lililo gumu. Huyo mzee anayemshika mwanao hayumo kwenye ripoti. Wale wengine wawili waliobaki hawakuwa wazee, walikuwa vijana kama yeye. Mle ndani baada ya mlango kufungwa, hakuna anayejua nani alimshika nani. Mzee tulimtunga sisi. Sitakuambia alikuwepo.

Nilikwenda kumtafuta mpishi nimwombe radhi. Hakunikaribisha ndani. Alisema kupitia mwanya wa mlango: "Mpaka ninatoka, hakulia. Andika hilo popote unapoweza." Naliandika hapa.

Sasa la swali lako. Kwenye maandishi iliandikwa "anamshika," basi. Hapakuwa na maneno. Chumba walikitengeneza kwa chuma cha kweli, wakakining'iniza juu ya bwawa, wakafungulia maji. Siku ile mlango ulikwama kweli. Nikausukuma, haukwenda. Maji yalikuwa kiunoni. Hapo, Baba, niliacha kuigiza. Mayowe unayoyazibia masikio ni yangu. Mwongozaji alidhani nafanya kazi nzuri, akaacha kamera iendelee.

Mwigizaji mzee, tunamwita Babu, ana ugonjwa wa kifua. Mwenyewe anajua kukosa hewa ni nini, si jambo geni kwake. Aliona macho yangu, akanikamata, akaweka mdomo sikioni. Alisema: "Pumua na mimi. Nikivuta, vuta. Nikishusha, shusha. Polepole. Hivyo hivyo. Nipo." Akaanza tena: "Pumua na mimi." Alirudia mpaka mafundi wakafungua.

Hicho ndicho alichoniambia. Alikuwa ananiambia mimi. Sikuwa nimestahili, lakini alinishika.

Mwigizaji


Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Nakuita mwanangu tena, sijui ni kwa nini, labda nimechoka kukuita vingine.

Barua yako nilimsomea Mzee jikoni, miwani yake haimtoshi. Nilipofika pale pa kwamba mwanetu hakushikwa na yule mzee, niliinua macho nikitaka kuruka. Akasema, "Soma kama ilivyoandikwa." Nikasoma. Nilipomaliza maneno ya Babu akasema nirudie. Nikarudia. Akawa anavuta pumzi ninaposema vuta, anashusha ninaposema shusha, mkono uko juu ya meza, na mimi nasoma huku sufuria inaungua.

Jana alikwenda maonyesho ya mchana. Safari hii hakukaa mbele wala nyuma. Mwenye tochi anasema alisimama kwenye njia ya katikati ya viti, amejishikiza mgongo wa kiti cha mtu.

Mimi nilikuwa dirishani na foleni yangu. Mayowe yakaja. Nikasubiri yakatike kama yanavyokatikaga. Halafu ukutani nikasikia sauti isiyo ya filamu. Ile sauti yake ya kazini, ya kumwita saidia fundi aliye juu ya jengo.

"Pumua na mimi, mwanangu! Nikivuta, vuta. Nipo. Baba nipo hapa nje."

Ukumbi umejaa watu, na hakuna aliyemnyamazisha. Hata wale wa nyuma wanaocheka kila kitu. Mwenye tochi alizima tochi yake. Nilishusha pazia la dirisha langu, foleni ikilalamika, nikaweka kipaji cha uso ukutani mpaka akamaliza.

Hakutoka katikati kama kawaida yake. Alikaa mpaka taa za mle ndani ya nyambizi zikazimika, mpaka za ukumbi zikawashwa. Alipotoka aliniuliza maonyesho ya kesho ni saa ngapi.

Ijumaa filamu inaondoka. Inakwenda mji mwingine, na hapa wanaleta ya vichekesho. Bango lake limeshafika, liko chini ya meza yangu limekunjwa. Meneja anasema hawezi kuibakiza, kila mji una zamu yake. Mzee hajui. Amezoea, anadhani ipo tu.

Wewe unayejua kusema maneno ya kila namna, nisaidie hili moja. Nitamwambiaje kwamba mtoto anaondoka tena?

Mama